Koma, Fulstopu

Madaftari tisini na manne juu ya meza ya jikoni, Pasua,
na umeme umekatika tangu saa moja.
Nasahihisha kwa tochi ya simu
iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai.
La kwanza, la pili, la thelathini:
miandiko mbalimbali, msemaji mmoja.
Barnaba wa mkondo B amenakili hadi nilipojikwaa
na kurudia sentensi. Kairudia naye.
Na kuna mmoja, Mungu amsaidie,
ameandika katikati ya osmosisi:
"we wa dirishani kaa vizuri."

Sauti hii si yangu. Nimeirithi
kwa Mwalimu Senkondo, kule Kiboriloni,
aliyetembea kati ya madawati
na kitabu pekee cha shule kimefunguka kiganjani.
"Koma," anasema. "Endelea. Fulstopu. Aya mpya."
Tuliandika mpaka kidole cha kati kikaota sugu.
Hakuna aliyeuliza; kuuliza kungemkata pumzi,
na ile kengele ya rimu ya gari haikumsubiri mtu.
Tulifaulu, nisimseme vibaya.
Nilizimeza kurasa, nikazitapika kwenye mtihani,
nikatoka nje mwepesi kama debe.
Leo niulize sura ya nne ilisema nini:
nakumbuka tu koma zilipokaa.

Halafu akaja Bi Ndekirwa, mwalimu wa mazoezi,
muhula mmoja tu, viatu vina tope la Rau.
Alileta kipande cha mgomba, akakichoma kisu,
maji yakachuruzika mezani hadi kwenye rejesta.
"Wekeni kalamu chini. Tazameni."
Tukatazama. Tukadhani hajajiandaa.
"Sasa andikeni mlichokiona.
Msiandike nilichosema. Sijasema kitu."
Wavulana arobaini, kalamu arobaini,
hakuna mwenye neno.
Mimi niliambulia mistari mitatu, mibovu,
mmoja wa Kichagga, maana Kiingereza hakikufika pale.
Mkuu wa shule akakagua, akakuta kurasa nyeupe;
muhula uliofuata hatukumwona.
Daftari lenyewe liliishia kufungia karanga.
Ile mistari mitatu ninayo.

Najua mnachotaka niseme.
Lakini hamjasimama mbele ya tisini na wanne,
vitabu kumi na kimoja, dakika arobaini,
na mtihani wa taifa umekaa mlangoni kama mgambo.
Hapo koma ni rafiki.
Hapo fulstopu ndiyo mahali pekee pa kumeza mate.

La sitini na mbili ni la Aisia Mamkwe.
Nusu ukurasa, kisha kaacha kunifuata.
Kalamu nyekundu iko tayari:
*Notisi pungufu. Nakili kwa mwenzako.*
Tochi ikateleza, mwanga ukaanguka pembeni,
na pale, kwa penseli, kuna bakuli,
kabichi iliyokatwakatwa, na maneno yamebanana:

"Mama akitia chumvi kachumbari inatoka maji.
Hakuongeza maji. Yalikuwa ndani.
Chumvi ina kiu kuliko kabichi."

Na chini zaidi, herufi ndogo kama sisimizi:
"Na tumbo je?"

Miaka kumi na miwili nafundisha osmosisi.
Nimeiimla mvua na kiangazi,
chaki imeniingia hadi kwenye pete,
na sikuwahi kujua kwamba chumvi ina kiu.

Umeme umerudi. Friji linakohoa, linaanza.
Kalamu nyekundu bado iko hewani.
Kesho mkondo B ni kipindi cha pili;
nikiwahi kuamka nitapitia Mbuyuni ninunue kabichi,
na kisu nitabeba hiki cha nyumbani.
Nitakachosema kabla ya kuikata, sikijui.
Jibu la tumbo pia sina uhakika nalo.

Namwandikia Aisia: *Hata mimi nauliza.*
Nafuta "hata". Naacha.

La sitini na tatu linasubiri,
safi, limepigiwa mistari kwa rula,
koma zote zipo.